Ngozi ya Treni

Mtu akikuelekeza nyumbani kwa Pantaleo, pale Ngokolo, hakutajii mtaa. Atakuambia ushuke mahali ambapo basi la Kharumwa hupiga honi bila sababu. Hakuna kituo hapo, wala kona, wala ng'ombe wanaovuka. Kuna ukuta wa tofali za kuchoma, mlango wa bati la buluu, na honi: moja ndefu, mbili fupi. Wageni hudhani dereva amesinzia akaegemea usukani. Sisi majirani tunajua kwamba honi hiyo ina mwenyewe.

Pantaleo ni fundi siti. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya Shinyanga, na mabasi humjia kama wagonjwa: siti iliyochanika, siti iliyozama, siti iliyovunjika mgongo ikawa inamlaza abiria juu ya magoti ya aliye nyuma yake. Anavua kitambaa kilichochoka, anaweka sponji mpya, anashona kwa cherehani, na mahali pagumu anamalizia kwa sindano ya mkono. Ukimpelekea kochi la nyumbani atalipokea kwa adabu, lakini moyo wake hautakuwa hapo. Kochi halisafiri.

Anayapenda mabasi jinsi Wasukuma wenzake wanavyopenda ng'ombe, kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo. Basi likipita barabarani atakuambia bodi yake ilijengwa wapi, lilikuwa linaitwaje kabla halijauzwa, na tajiri gani alilifilisikia, kama mchungaji anavyomtajia mgeni mama na bibi wa ndama. "Scania la zamani," husema, "lilikuwa linapanda mlima kama mzee anayepanda ngazi za kanisa. Polepole, lakini unajua atafika. Haya ya Kichina yanapanda kama mtu anayekimbilia ugomvi." Katika simu yake yenye kioo kilichopasuka yumo kwenye kundi la wapenda mabasi wa Kanda ya Ziwa, ambako vijana hutukanana juu ya basi lipi lina sauti tamu likibadili gia. Yeye huandika kwa nadra. Siku moja aliandika, "Sikilizeni siti, injini inajua kudanganya," wakamcheka siku nzima.

Lakini mapenzi yake ya kwanza hayakuwa basi. Yalikuwa treni, na aliyemtia mapenzi hayo ni baba yake.

Mzee Luka alikuwa mtu wa gengi, mmoja wa wale waliokuwa wakitembea juu ya mataruma na nyundo begani, wakigonga bolti na kusikiliza. Kipande chake cha reli kilikuwa hapa hapa, upande wa kusini wa stesheni ya Shinyanga. Maisha yake yote aliitengeneza njia, ila kusafiri alisafiri kidogo sana. Mara moja tu alimchukua Pantaleo, akiwa mtoto mdogo, kwenda Tabora. Treni ilipoacha stesheni, Luka alifumba macho. Mtoto alidhani baba anasali. Walipofika kwenye kile kipande, behewa likatulia, likapita kama maji juu ya jiwe laini, na Luka, macho yamefumbwa bado, akaubana mkono wa mwanawe.

"Hapa ni pangu," alisema.

Hakuongeza neno mpaka Tabora. Alipokufa aliacha nyundo, koti, na taa yake ya mkono ya reli, ile yenye kioo cha kijani upande mmoja na chekundu upande mwingine. Nyundo waligawana ndugu. Koti alizikwa nalo. Taa ikawa ya Pantaleo.

Kutokana na taa ile Pantaleo alijenga treni.

Aliijenga kidogo kidogo, Jumapili baada ya misa, katika chumba cha nyuma. Reli alizifua kutokana na waya wa uzio, mataruma aliyachonga kutoka chaga za kitanda. Mabehewa yalikuwa makopo ya mafuta ya kula yaliyokatwa na kunyooshwa, na ndani ya kila behewa kulikuwa na siti, ndogo kama vidole gumba, zilizoshonwa na kujazwa sponji. Kila basi lililostaafu mkononi mwake alilikata kipande cha kitambaa kabla halijapelekwa kwenye vyuma chakavu, akakivisha siti zile. Behewa la kwanza lilikuwa na zambarau ya basi lililokuwa likienda Bukoba kabla ya lami. La pili lilikuwa na maua ya njano ambayo mama zetu wote waliyakalia wakienda kujifungua. Ukilala kifudifudi ukachungulia madirishani, uliiona safari ya mkoa mzima imekaa kimya, inakusubiri.

Kichwa cha treni kilikuwa taa ya Luka. Mwili wa taa ndio ulikuwa mwili wa injini, na ndani yake aliweka mota ya redio kaseti na betri. Alibuni kijiti kidogo cha kugeuza mwanga: treni ikitembea, mbele yake paliwaka kijani, ikisimama, paligeuka pekundu. Mara ya kwanza ilipozunguka chumba, mkewe Lusia alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliuweka chini.

"Baba Dorah," alisema, "baba mkwe yumo humo ndani?"

"Yumo," Pantaleo alijibu. Na ndivyo alivyoamini.

Maduhu alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya nyumba ile kuiona. Alikuwa dereva wa basi la Kharumwa, linalopita Mwakitolyo kwa wachimbaji, na urafiki wao ulianza kwenye siti ya dereva, ambayo Pantaleo aliishona upya baada ya Maduhu kulalamika kwamba inamla kiuno. Maduhu alikuwa na kicheko kikubwa kuliko basi. Ndiye aliyeanza ile honi. Kila alipopita Ngokolo aliipiga, moja ndefu, mbili fupi, na Pantaleo, akiwapo nyumbani, alinyanyua mkono hata kama yuko ndani, hata kama hakuna wa kumwona.

Kisha mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Maduhu alikuwa ameshiriki na wenzake kwenye duara moja kule Mwakitolyo, shimo la dhahabu ambalo kila mtu alilicheka, na duara likatema dhahabu. Akaacha usukani, basi likachukuliwa na Abel, aliyekuwa utingo wake, na yeye akajenga nyumba Kharumwa yenye sebule inayotoa mwangwi. Wakati huo huo Dorah, binti wa Pantaleo, alirudi nyumbani na watoto wake baada ya mumewe kufuata dhahabu na kutofuata tena familia. Chumba cha treni kikahitajiwa na watu.

Maduhu alikuja kuwajulia hali, akakuta magodoro hadi barazani.

"Mwadila shemeji! Naona nyumba imejaa kama buti la Krismasi."

"Mwadila," Lusia alijibu. "Wewe cheka tu, mwenye sebule."

"Sebule yenyewe ina viti viwili na upepo. Jamani, hiyo treni mnailaza wapi?"

"Juu ya kabati," Pantaleo alisema. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja mgonjwa.

"Juu ya kabati! Treni!" Maduhu alishika kichwa. "Nipe mimi nikufugie."

Kwa Wasukuma neno hilo si dogo. Mtu mwenye ng'ombe wengi, au mwenye malisho machache, humpa rafiki baadhi ya ng'ombe akae nao. Maziwa ni ya anayefuga, na samadi pia. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, anayefuga humpelekea mwenyewe ngozi, na mwenyewe akiipokea, maneno yamekwisha, hakuna kudaiana. Akiirudisha, amesema: sikuamini. Hakuna karatasi. Anayetaka karatasi kwa rafiki amekwisha mtukana.

Lusia hakucheka. "Ng'ombe anafugwa na anayejua anakula nini. Huyu anakula betri, Maduhu. Utaweza?"

"Shemeji, nimelilisha basi dizeli maisha yangu yote, betri ndiyo inishinde?"

"Basi lilikuwa la tajiri."

"Haya, sikiliza maneno! Pantaleo, huyu mkeo ana ulimi wa konda." Kisha akamgeukia rafiki yake na kuacha mzaha. "Watoto wa Kharumwa hawajawahi kuona treni. Nitaiweka sebuleni, waje waangalie, nitawauzia soda. Hayo ndiyo maziwa yangu. Wewe ukitengeneza behewa jipya unaleta, ni ndama wako. Siku Dorah akipata kwake, unarudisha ng'ombe wako zizini."

"Na akifa?" Lusia aliuliza.

"Naleta ngozi."

Wakashikana mikono. Pantaleo alifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alimfundisha Maduhu kubadili betri, kupaka mafuta magurudumu, kufuta kioo cha taa kwa kitambaa kikavu. Akamfundisha na jambo jingine, ambalo wala halikuombwa. "Watoto wakiuliza treni hii imetoka wapi, wasimulie habari za mzee. Waambie alivyofumba macho." Na akamsimulia yote, mpaka kule kubanwa mkono.

Kosa lilikuwa katika kule kufugiana, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Ng'ombe wa kufugiana halindwi na mkono ulioshikwa tu. Analindwa na macho. Kijiji kizima kinajua yule mwekundu mwenye baka ni wa fulani, na anayefuga hawezi kumpeleka mnadani bila mtoto mmoja kuuliza, "Mbona unamuuza ng'ombe wa watu?" Treni ya Pantaleo iliingia Kharumwa ndani ya boksi. Haikuwa na baka linalojulikana na mtu yeyote.

Mwanzoni yote yalikwenda vizuri. Pantaleo alipanda basi la Abel akapeleka ndama: behewa lenye siti za kijani cha mgomba, kutoka basi lililokuwa limetoka kufa. Aliwakuta watoto wamelala vifudifudi sakafuni wakichungulia, na Maduhu amesimama mlangoni na kreti ya soda, akicheka. Alirudi nyumbani akamwambia Lusia, "Ng'ombe ananenepa." Baadaye simu za Maduhu zikawa chache. Kila Pantaleo alipotaka kwenda, Maduhu alikuwa safarini, au sebule inapigwa rangi. Pantaleo hakufikiri lolote. Mtu hamhesabii rafiki mikupuo ya maziwa.

Siku Maduhu alipokuja na ngozi, honi ilipigwa na basi likasimama kabisa. Maduhu alishuka na mfuko wa salfeti mkononi. Hakucheka. Aliingia uani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaufungua mfuko na kutoa kipande cha bati kilichokunjamana na kuungua.

"Kafa," alisema.

Pantaleo alikitazama kile kipande, hakukigusa.

"Moto, ndugu yangu. Waya za umeme za sebuleni. Nilikuwa Geita. Wamezima, lakini kwenye meza ile hakikubaki kitu. Hiki ndicho nilichookota. Nimesema siwezi kukupigia simu. Ngozi haipigiwi simu."

"Na taa?"

Maduhu alifunika uso kwa viganja. "Iliyeyuka."

Akalia. Mabega yake makubwa yalitikisika, na Pantaleo, ambaye ndiye aliyefiwa, aliondoka alipokuwa amekaa akaenda kumshika bega. "Nyamaza, Maduhu. Watu hawakuumia? Basi. Chuma ni chuma." Lusia alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na Maduhu akala, na basi lilipokuwa linarudi akapanda akaenda zake. Pantaleo alikuwa ameipokea ngozi. Kwa hiyo maneno yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake asubuhi alikaa nayo barazani. Alitaka kuitundika kwenye msumari ambao zamani taa ilitundikwa. Aliigeuza upande wa ndani ili apige tundu, akasita. Akaipeleka puani.

"Unanusa nini?" Lusia aliuliza.

"Njoo unuse na wewe."

"Moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa bati. Sasa Baba Dorah, bati likiungua linanuka nini?"

Alimwonyesha kwa kidole. Kitambaa cha siti za basi hakiwi jivu. Kinayeyuka, kinatiririka kama lami, kinang'ang'ania chuma, na harufu yake haitoki hata ukiosha kwa mchanga. Amewahi kuvua viti vya mabasi yaliyoungua, anaijua. Na katika kila behewa lake hapakuwa na mahali pa kuweka kidole pasipo na kitambaa. Kipande hiki ndani kilikuwa kikavu. Kilikuwa na kutu, na alama ya maji.

"Bati hili lilichomwa likiwa uchi," alisema. "Hii si ngozi ya ng'ombe wangu."

Lusia alikuwa na maneno mengi ya kusema, na haki ya kuyasema. Alikwenda ndani akamletea koti lake la safari.

Abel alimpa siti ya mbele. Pantaleo ndiye aliyeishona siti ile, na njia nzima aliisikiliza. Barabara ilikuwa na mashimo, basi likiyumba na kugonga, lakini siti haikulia. Kwa muda alifumba macho. Akajikuta anatafuta mkono wa kuubana, hakuna. Mwakitolyo walishuka wachimbaji na mabeleshi yao, vumbi limewajaa hadi kope, na kelele za makarasha yanayosaga mawe ziliingia dirishani pamoja na joto. Kisha basi likaendelea hadi Kharumwa.

Nyumba ya Maduhu ilikuwa imefungwa. Ukuta wake wa nje ulikuwa mweupe. Pantaleo aliuzunguka, akachungulia dirisha la sebule: ukuta mweupe, dari nyeupe, viti viwili. Ng'ambo ya barabara mama lishe mmoja alikuwa anakaanga maandazi.

"Shikamoo, baba," alimwita. "Mwenye nyumba hayupo."

"Marahaba, mayu. Hapa paliungua lini?"

"Paungue?" Mama yule, Paskazia, aligeuza maandazi. "Labda kooni, kwa pombe. Kwani nani kakwambia pameungua?"

"Palikuwa na treni."

"Ahaa, treni! Treni imeolewa, baba. Kaja tajiri mmoja wa makarasha, Fredy, kaiona, kaipenda, kaondoka nayo kwenye gari. Iko kwenye bustani yake ya vinywaji, njia ya Geita. Na Maduhu ndiyo kasindikiza bibi harusi, hajarudi! Kila Jumapili anavaa kofia, anapuliza filimbi. Leo Jumapili, si umkute? Chukua andazi, njia ndefu."

Pantaleo alichukua bodaboda. Andazi alilishika mkononi mpaka likapoa.

Bustani ya Fredy ilikuwa na miti iliyopakwa chokaa na meza za plastiki, na watu wametoka ibadani: familia, wafanyabiashara, wachimbaji vijana waliovaa mashati safi. Katikati, chini ya paa la nyasi, palikuwa na meza kubwa iliyopakwa kijani, yenye vilima vya saruji na stesheni ya mbao. Treni ilikuwa inazunguka. Pantaleo alisimama nyuma ya watu. Aliona mwanga wa kijani unakuja, unapita, unakwenda. Aliona zambarau, akaona maua ya njano, akamwona ndama wake wa kijani cha mgomba wa mwisho kwenye msafara. Kwa muda kidogo, kabla ya kitu kingine chochote, alifurahi. Ng'ombe wake alikuwa hai.

Kisha akasikia sauti ya Maduhu.

Maduhu alikuwa na kofia ya stesheni masta na kibendera. Alikuwa anasimulia, na alikuwa anasimulia vizuri. "Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa gengi," alikuwa anasema. "Maisha yake yote, nyundo begani. Taa hii mnayoiona ilikuwa yake. Basi siku moja akanichukua, mimi mdogo hivi, tukapanda treni kwenda Tabora. Nikamwona mzee kafumba macho. Nikasema, baba anasali. Kumbe anasikiliza reli! Tulipofika kwenye kipande chake, akanibana mkono, hivi." Alimshika mkono mtoto mmoja aliyekuwa mbele, akaubana. "Akaniambia..."

Akanyanyua macho, akamwona Pantaleo.

Watu walisubiri. Treni ilizunguka.

"Akasemaje, mzee?" kijana mmoja aliuliza. "Usituache njiani! Baba akasemaje?"

Pantaleo alipita katikati ya viti, taratibu, akisema samahani kwa kila aliyemgusa. Alifika mezani, akatoa bati kwenye mfuko wa salfeti, akaliweka juu ya reli. Treni ilikuja, ikaligusa, ikasimama. Taa ikageuka nyekundu.

"Nimekurudishia ngozi yako," alisema kwa Kisukuma.

Waliokuwa wanajua lugha walinyamaza kwanza. Wasiojua wakawauliza jirani zao.

"Kasemaje?"

"Kamrudishia ngozi. Maana yake kakataa. Ng'ombe wa watu kauzwa."

"Ng'ombe gani? Hapa si treni?"

"Wewe nawe! Kaiba, ndiyo maana yake. Mwizi."

Neno lile lilitoka kwenye meza moja likaruka kwenye nyingine. Viti vikasukumwa nyuma. Kijana aliyetaka hadithi iishe alikuwa wa kwanza kusimama, na mwenzake akaishika chupa yake shingoni. Pantaleo amekaa stendi umri wote. Anajua neno hilo likishasemwa mara ya tatu linakuwaje, hasa penye dhahabu, ambako mtu akilala na kitu na kuamka bila kitu, hasira yake haina pa kwenda. Amewahi kuona kinachobaki. Hakuna ngozi.

Fredy alitoka nyuma ya kaunta akafuta mikono. Alikuwa kijana mpole, mwenye tumbo la amani. "Tulieni, tulieni. Shikamoo, mzee. Mimi nimenunua kwa mtu huyu, kaniambia kaitengeneza mwenyewe. Kama ni mali yako, sema hapa mbele ya watu. Nitaifunga sasa hivi uondoke nayo. Na yeye," alimtazama Maduhu, "yeye na vijana hawa watajuana."

Ingetosha neno moja. Pantaleo aliitazama taa, nyekundu, ikimtazama. Kisha akamtazama Maduhu. Hakumtaka apige magoti. Alimtaka aseme tu: ni yake, nilikosa, mpeni. Mtu akisema hivyo mwenyewe, mwenye mali akamshika mkono, hasira ya watu hugeuka kicheko. Maduhu aliyajua hayo. Alikuwa amewaokoa makonda wengi kwa njia hiyo hiyo. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Huyu ni fundi siti," Maduhu alisema, "wa Shinyanga. Tunafahamiana kidogo."

Kidogo.

"Mzee?" Fredy aliuliza. "Ni yako?"

Pantaleo aliliondoa bati juu ya reli. Treni ikasita, ikaanza kutembea, na taa ikawa kijani.

"Tulikuwa tunataniana," alisema. "Wazee wa kwetu wana utani wa hovyo. Kaeni, wanangu, kunyweni."

"Kwa hiyo treni ni ya nani?"

"Ni ya aliyekuuzia."

Vijana walikaa, wengine wakicheka, wengine wakinung'unika kwamba wazee wa Shinyanga wamechoka. Pantaleo alimsogelea Maduhu akamwekea bati mikononi, na Maduhu akalipokea, kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya. Wakawa karibu kama siku ile ya kufugiana.

"Treni nimekuachia," alimwambia kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma. "Baba yangu usimtaje tena."

Kisha akaondoka. Nyuma yake alisikia yule kijana anadai tena mwisho wa hadithi, na filimbi ikipulizwa ndefu, bila hadithi.

Aliporudi, Abel alimpa siti ile ile ya mbele. Majabali ya Shinyanga yakaanza kuonekana.

"Mzee," Abel alisema, "nataka kukuuliza siku nyingi. Ile honi ya kwenu pale Ngokolo, ni ya nini? Mzee Maduhu alinikabidhi basi, akaniambia hapa usipite kimya. Sikumuuliza."

Pantaleo alitazama barabara.

"Ni salamu," alisema.

"Salamu ya nani?"

"Ya dereva."

Lusia alimkuta amekaa kitandani na viatu. Hakuuliza kwanza, alimvua kimoja kimoja.

"Umemkuta ng'ombe?"

"Nimemkuta. Yu hai. Ananenepa."

"Na umemwacha?"

Alimweleza yote, hadi lile neno "kidogo". Hapo Lusia alinyanyuka, akaenda mlangoni, akamtukana Maduhu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, yeye na duara lake na sebule yake. Alipomaliza alirudi akakaa.

"Ningekuwa mimi ningesema," alisema. "Ningesema, halafu ningelia. Wewe utafanya nini?"

"Kuna siti za watu," alijibu.

Na kweli zilikuwapo. Wiki ile alileta siti moja nyumbani kuimalizia kwa mkono, akakaa nayo barazani jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, wajukuu wakicheza uani. Msumari wa taa ulikuwa ukutani juu ya kichwa chake, mtupu. Basi la Kharumwa likaja. Lilipofika kwenye mlango wa buluu likapiga honi: moja ndefu, mbili fupi.

Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, sindano ikiwa bado vidoleni, uzi unaning'inia. Lusia aliuona ukibaki hewani hadi vumbi la basi lilipotua. Kisha ukashuka, ukatafuta tundu lililofuata, ukaendelea kushona.